SOMO LA MAGARI YA CHAMA: FLAIWILI YA VIPANDE VIWILI, FAIDA NA HASARA ZAKE



Aghalabu mkaguzi afunguapo jalada la hati za malipo la chama chenye gari, fungu analolikuta limevuka makisio ni lile la matengenezo. Hati huwa zipo, sahihi huwa zipo, na stakabadhi za duka la vipuri huwa zimebanwa vizuri. Lakini Katibu akiulizwa ni kitu gani hasa kilichonunuliwa, na kwa nini kimenunuliwa mara ya pili katika msimu mmoja, hujibu kwamba fundi ndiye aliyesema. Fundi si mwanachama, wala hatasimama mbele ya Mkutano Mkuu kujibu maswali. Watakaosimama ni Katibu na Bodi yake. Kwa sababu hiyo somo la toleo hili linahusu chombo kimoja ambacho wengi wetu hatujapata kukiona kwa macho, nacho ni flaiwili, na hasa ile ya vipande viwili, iliyomo katika pikapu nyingi za dizeli zenye gia za mkono ambazo vyama hununua zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo.

Flaiwili ni nini

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwa bolti mwisho wa kranki shafti, kati ya injini na giaboksi. Ukingoni mwake mna meno ambayo stata huyashika ili kuizungusha injini wakati wa kuwasha. Usoni pake ndipo sahani ya klachi inapobanwa na presha pleti, na hapo nguvu ya injini hupita kwenda kwenye giaboksi na hatimaye kwenye magurudumu. Lakini kazi yake ya asili ni kutuliza mwendo.

Asiyeelewa jambo hili na amtazame fundi cherehani. Mguu wake husukuma kwa vipindi: husukuma, ukaacha, ukasukuma tena. Hata hivyo sindano haisimami, kwa kuwa lile gurudumu la chini lina uzito, na uzito huo huubeba mwendo mahali ambapo mguu hausukumi. Injini nayo haitoi nguvu mfululizo. Hutoa kwa mapigo. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa kranki shafti. Gari likiwa limesimama katika sailensa ya mizunguko 800 kwa dakika, mapigo hayo ni 1,600 kwa dakika, yaani karibu 27 kwa kila sekunde. Nayo mapigo ya dizeli ni mazito, kwa kuwa hewa hugandamizwa sana kabla ya mafuta kuwaka.

Flaiwili ya kipande kimoja, ile waliyoizoea mafundi wetu tangu zama za Land Rover za kwanza na malori ya Bedford, huyapunguza mapigo hayo bila ya kuyamaliza. Mtikisiko unaobaki huingia katika giaboksi, na huko meno ya gia hugongana, yakitoa mlio kama wa njugu zinazotikiswa ndani ya kibuyu. Dawa ya zamani ni zile springi fupi zinazoonekana katikati ya sahani ya klachi. Husaidia, ila nafasi yake ni ndogo, na springi fupi haiwezi kumeza pigo kubwa.

Jinsi ile ya vipande viwili ilivyotokea

Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa magari walianza kutafuta injini zinazotoa nguvu nyingi katika mzunguko mdogo ili kupunguza matumizi ya mafuta. Wakati huohuo magiaboksi yalifanywa mepesi zaidi, yakaongezwa gia ya tano na baadaye ya sita, yakatiwa oili nyepesi. Matokeo yake yalikuwa mapigo makubwa zaidi yakiingia katika giaboksi lisilokuwa na unene wa zamani. Mwaka 1985 kiwanda cha LuK cha Ujerumani kilianza kutengeneza kwa wingi flaiwili iliyogawanywa mara mbili.

Kipande cha kwanza hufungwa kwenye kranki shafti na kutikisika pamoja na injini. Kipande cha pili ndicho kinachobeba klachi. Kati yao mna beringi au bushi, na ndani mna springi ndefu zilizopindwa kama upinde, zikiwa zimelala katika grisi. Injini inapopiga, springi hujibana kidogo na kulegea, kipande cha pili kikabaki kinazunguka kwa utulivu. Kwa lugha nyingine, springi zimetolewa katikati ya sahani ya klachi, ambamo zilikuwa zimebanwa, zikahamishiwa mahali penye nafasi.

Faida zake

Hapana budi tuseme kweli kabla ya kulaumu. Chombo hiki hakikubuniwa ili kuwanyang'anya wakulima fedha, kama nilivyowahi kusikia ikisemwa kikaoni. Gari lenye flaiwili nzima ya namna hii halitikisiki wala halipigi kelele za giaboksi, na gia huingia kwa ulaini. Dereva aweza kwenda kwa mzunguko mdogo kwenye barabara ya lami, na hivyo dizeli hutumika kidogo. Muhimu kuliko yote, giaboksi, pamoja na beringi zake na zile pete za shaba zinazolainisha uingiaji wa gia, hukingwa na mapigo. Kwa gari la mizigo myepesi linalokwenda Makambako na kurudi kwa lami, karibu kilomita 300 kila upande, likiwa na dereva mwangalifu, sioni sababu ya kuiogopa.

Hasara zake, na hasa kwa barabara zetu

Hasara ya kwanza ni kwamba chombo hiki huchakaa. Flaiwili ya kipande kimoja ni chuma tupu. Yaweza kulizeesha gari na kubaki. Uso wake ukipata mikwaruzo, hupelekwa kwa mkereza vyuma ukasawazishwa, kazi ya gharama ndogo. Ile ya vipande viwili ina springi zinazochoka, grisi inayokauka kwa joto na beringi inayolegea, na watengenezaji wengi hawaruhusu ikerezwe. Ikifa, hununuliwa nyingine. Na bei yake aghalabu hupita bei ya klachi nzima.

Ili wanachama waone uzito wa jambo hili, tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme flaiwili na kazi ya kuifunga ni shilingi 2,500,000, na ushuru unaobaki katika chama ni shilingi 50 kwa kila kilo ya ufuta. Kulipia kipuri hicho kimoja chahitaji ushuru wa kilo 50,000, yaani magunia 500 ya kilo mia. Kila Katibu na aweke bei ya kweli aliyopewa dukani na ushuru wa kweli wa chama chake, kisha aisome hesabu hiyo mbele ya Bodi kabla ya kutia sahihi.

Hasara ya pili ni kwamba haivumilii uendeshaji mbaya, na barabara zetu hushawishi uendeshaji mbaya. Tazama gari linalopanda Lukumburu likiwa na shehena kupita kiasi. Dereva anashikilia gia ya nne kwa kuwa ameambiwa kwamba gia kubwa inaokoa mafuta, na injini inaguna kama ng'ombe aliyezidiwa na jembe. Katika hali hiyo kila pigo huzibana springi hadi mwisho wa nafasi yake, na chuma hugonga chuma. Mbio kubwa haiiharibu flaiwili hii kama inavyoiharibu mguno huo. Kwa pikapu nyingi za dizeli, dereva mwenye mzigo yampasa kushuka gia kabla mzunguko haujafika chini ya 1,500 hivi. Dizeli kidogo anayodhani ameiokoa italipwa dukani.

Tena ipo tabia ya kulishikilia gari mlimani kwa klachi nusu, badala ya breki ya mkono, au kujikwamua matopeni kwa kukanyaga na kuachia klachi ghafla. Anayezijua njia za Umatengo wakati wa masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, haitaji kuelezwa zaidi. Joto la klachi inayoteleza hupenya katika flaiwili, likaikausha grisi, na springi zikaanza kusagana na nyumba yake.

Jambo la tatu halijulikani sana, nalo ni betri. Chini ya mzunguko wa sailensa upo mzunguko mmoja ambao vipande hivi viwili hutikisika kupita kiasi. Injini huupita kila inapowashwa na kila inapozimwa. Betri na stata zikiwa na nguvu, hupitwa kwa nukta moja na hakuna dhara. Betri ikiwa dhaifu, injini ikazunguka kwa kujikongoja, flaiwili hukaa katika mtikisiko huo kwa muda mrefu kila asubuhi. Kuliwasha gari kwa kulisukuma ni vibaya zaidi, kwa sababu klachi inapoachiwa, pigo lote huangukia springi. Vivyo hivyo nozeli mbovu, inayofanya silinda moja isipige sawa na nyingine, huiua flaiwili polepole. Vyama vingi huahirisha betri na nozeli kwa kuwa gari bado linakwenda. Gari linakwenda, ndiyo, lakini linakula kipuri cha bei kubwa kuliko kile kilichoahirishwa.

Chama kilichobadilisha klachi mara tatu

Katika chama kimoja, ambacho hakuna haja ya kukitaja jina, hati za malipo zilionyesha klachi mpya mwezi Aprili, nyingine Julai, na ya tatu Oktoba ya mwaka uleule. Kila mara giaboksi lilishushwa na kupandishwa, na kila mara fundi alilipwa. Neno flaiwili halikuonekana katika hati hata moja. Ile ya Julai ilikuwa chungu zaidi, maana ufuta wa wanachama ulikuwa umelala katika vituo viwili vya kukusanyia ukisubiri kupelekwa ghala kuu kwa mnada, na chama kikalazimika kukodi lori. Kodi ya lori iliandikwa katika fungu la usafirishaji, klachi katika fungu la matengenezo, na hivyo hakuna aliyeziweka gharama hizo mbili pamoja hadi ukaguzi.

Wanachama walikuwa wamekwisha kuamini kwamba Katibu na fundi wanagawana fedha. Haikuwa hivyo. Flaiwili ilikuwa imekwisha, kipande cha pili kikicheza huku na huku, na uso wake ulikuwa umepinda kwa joto. Klachi mpya iliyowekwa juu yake ilikuwa kama kuezeka bati jipya juu ya kenchi zilizooza. Katibu yule alikuwa mwaminifu, ila hakuna karatasi iliyoweza kumtetea, kwa kuwa hakuna aliyeandika hali ya flaiwili siku giaboksi liliposhushwa mara ya kwanza.

Maswali ya kumwuliza fundi

Katibu hatakiwi kuwa fundi. Anatakiwa ajue maswali ya kuuliza na aandike majibu.

Kwanza, kelele. Mlio unaosikika katika sailensa na kutoweka klachi ikanyagwapo, aghalabu hutoka ndani ya giaboksi. Mlio unaoanza klachi ikanyagwapo, aghalabu ni wa beringi ya klachi. Mgongo mzito wa chuma wakati injini inapowashwa au kuzimwa, pamoja na mtikisiko unaoingia hadi kwenye kiti, ndio unaofaa kutufanya tuishuku flaiwili. Nasema tuishuku, maana mikono ya injini iliyokatika nayo hutoa dalili zinazofanana, na mikono hiyo ni rahisi mno kuliko flaiwili. Na ikaguliwe kwanza.

Pili, giaboksi likiwa chini, Katibu au mjumbe mmoja wa Bodi afike gereji kwa miguu yake. Fundi atakizungusha kipande cha pili kwa mkono. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, hata mafundi wenyewe. Kipande hicho ni lazima kicheze kidogo, ndivyo kilivyotengenezwa. Fundi asiyejua hukihukumu kizima kuwa kimekufa kwa sababu tu kinasogea. Kila namna ya flaiwili ina kipimo chake cha mchezo unaoruhusiwa, na fundi aonyeshe kipimo hicho katika kitabu cha mtengenezaji. Dalili zilizo wazi zaidi ni nyufa usoni, rangi ya buluu ya chuma kilichoungua, grisi iliyotapakaa kwa wingi, au kipande kinachozunguka ovyo bila kukutana na ukinzani wa springi.

Tatu, ikithibitika kwamba imekufa, basi flaiwili, sahani ya klachi, presha pleti na beringi vibadilishwe kwa pamoja, na bolti za flaiwili ziwe mpya. Kazi kubwa ni kulishusha giaboksi. Lishushwe mara moja.

Kuchomelea na kubadilisha

Yapo magereji ambayo, kwa kutaka kumsaidia mteja asiye na fedha, huvichomelea vipande viwili vikawa kimoja. Jambo hili vyama visilikubali kabisa. Flaiwili huzunguka mara 3,000 na zaidi kwa dakika. Chuma kilichochomelewa bila kusawazishwa huitikisa kranki shafti, na kiungo kikiachia, kipande chaweza kupasua nyumba ya klachi na kumfikia dereva miguuni. Tena sahani ya klachi iliyokuwamo aghalabu haina springi zake, kwa kuwa ilizitegemea zile za flaiwili. Hivyo giaboksi linabaki bila kinga yoyote.

Njia iliyo halali ni kununua seti kamili ya kubadilishia: flaiwili ya kipande kimoja iliyotengenezwa kwa injini ileile, pamoja na sahani ya klachi yenye springi zake. Faida yake ni kwamba baada ya hapo chama kitakuwa kikinunua klachi tu, na uso wa flaiwili ukikwaruzika utakerezwa. Hasara yake ni kwamba mlio wa njugu utarudi, gari litatikisika zaidi katika mzunguko mdogo, na giaboksi litapokea mapigo ambayo halikutengenezewa. Magiaboksi mengine huyavumilia miaka mingi. Mengine yakapasuka beringi mapema.

Maoni yangu ni haya. Kwa pikapu kuukuu inayobeba mbolea na mazao katika njia za vumbi, yenye giaboksi nene, na ambayo mtengenezaji mwenyewe aliwahi kuiuza ikiwa na flaiwili ya kipande kimoja katika nchi nyingine, seti hiyo ni chaguo la haki. Kwa gari lenye injini ya nguvu na giaboksi jepesi, turudishe flaiwili ileile ya vipande viwili na kumfundisha dereva. Wapo mafundi hodari wanaoshauri kubadilisha kila gari bila kuchagua. Siwafuati, kwa kuwa giaboksi nalo lina bei, tena kubwa kuliko flaiwili.

Wakati wa kununua gari

Ni afadhali jambo hili lifikiriwe kabla ya kununua. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, Hilux za zamani za injini ya 3L na 5L, na Land Rover Defender ya 300Tdi zina flaiwili ya kipande kimoja. Defender ya Td5, iliyotoka tangu mwaka 1998, Nissan Navara D40 ya dizeli, na Hilux nyingi za D-4D ya lita 3.0 zina ile ya vipande viwili. Namba ya chasisi ikipelekwa kwa muuza vipuri anayeaminika, ataweza kusema ni ipi. Sisemi gari likataliwe kwa ajili ya chombo hiki pekee. Nasema bei ya flaiwili iulizwe siku ileile ya kuulizia bei ya gari, na iingizwe katika makisio ya miaka miwili ya kwanza, hasa kwa gari lililotumika, ambalo hatujui aliyeliendesha alikuwa na mguu wa namna gani.

Mkopo wa kununulia gari hupitishwa na Mkutano Mkuu ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Wanachama wanapopiga kura huonyeshwa bei ya gari tu. Waonyeshwe na gharama ya kulitunza.

Kumbukumbu

Daftari la safari lionyeshe uzito wa mzigo, wala si kilomita peke yake. Kila kipuri kikubwa kiandikwe pamoja na kilomita zilizosomeka siku ya kukifunga, ili ijulikane kimedumu umbali gani. Bei zipatikane kwa maandishi kutoka katika maduka yasiyopungua matatu, zikitaja jina la mtengenezaji, kwa kuwa flaiwili za bandia zipo na hufanana sana na za kweli kwa rangi na maboksi. Kipuri cha zamani kirudishwe ofisini kikiwa na karatasi yenye tarehe na namba ya gari, kikae stoo mpaka hesabu za mwaka huo zikaguliwe.

Kwa majadiliano ya Bodi kabla ya toleo lijalo: Gari la chama chenu lina flaiwili ya namna gani, na nani alithibitisha? Klachi iliyomo ilifungwa lini, na gari limekwenda kilomita ngapi tangu hapo? Betri ina umri gani? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao, na nakala iwekwe katika jalada la gari.